Mambrui Kutoka Upande wa Mashamba

Mazungumzo ya leo yanahusu Mambrui, mji mdogo ulio ng'ambo ya Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Mwaka 2010 wataalamu wa mambo ya kale kutoka Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Peking walifukua pale sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme wa Uchina aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Profesa Qin Dashu, aliyeongoza upande wa Wachina, na Herman Kiriama wa upande wa Kenya, wakajikuta wanahojiwa na vyombo vya habari vya dunia, maana huyo Yongle ndiye aliyemtuma Zheng He baharini na msafara wake wa merikebu kubwa. Tangu hapo anayeitaja Mambrui huitaja na sarafu. Hadithi yenyewe ni tamu kusimulia: Wachina walitufikia karibu miaka 80 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498. Sina ugomvi na sarafu hiyo. Ninachokipinga ni kuufanya mji mzima kuwa kiambatisho cha sarafu moja. Nitakalolitetea jioni ya leo ni kwamba Mambrui ilijengwa na ardhi iliyo nyuma yake, na kila ilipostawi au ilipodhoofu sababu ilipatikana mashambani, bahari ikiwa ni mlango tu wa kutolea mzigo.

Tuanze na mahali penyewe. Ukisimama Mambrui ukaitazama bahari, kitu cha kwanza utakachokikosa ni bandari. Mombasa ni kisiwa chenye maji ya kina pande zote. Kilifi ina hori refu, Mtwapa vilevile, na Lamu imejificha nyuma ya visiwa vyenzake. Mambrui iko wazi. Mbele yake ni ufuo mrefu wa mchanga, na kusi inapoanza kuvuma mwezi wa nne, mawimbi hupiga pale moja kwa moja kwa miezi kadhaa. Jahazi lililotaka hifadhi lilipaswa kwenda Ngomeni, nyuma ya rasi, au kurudi Malindi, ambako nako si kuzuri sana. Mlango wa Sabaki, ambao mgeni angedhani ndio bandari yenyewe, haufai: maji yake ni ya kina kifupi, mdomoni pana mafungu ya mchanga yasiyotulia, na wenyeji wake wa kudumu ni viboko. Basi mtu mwenye akili ya ubaharia, mwenye pwani nzima ya kuchagua, angeuweka mji wake hapa kwa ajili ya nini?

Jibu liko magharibi. Ukiipa bahari mgongo, baada ya matuta ya mchanga na kipande cha tambarare, ardhi hupanda taratibu kwenye vilima vyekundu vinavyofuatana na pwani. Wanajiolojia wameipa tabaka hiyo jina la hapa hapa kwetu, mchanga wa Magarini, na huko Marafa mvua imeichonga tabaka hiyo mpaka yamepatikana yale magenge mekundu na meupe ambayo watu husafiri kwenda kuyapiga picha. Kusini mwa mji liko bonde la Sabaki na udongo wake wa mafuriko, udongo unaotoka mbali, kwani mto huo huanza kama Athi kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaitwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, ukaingia baharini kwa jina la Sabaki baada ya safari ya karibu kilomita 390. Sehemu kubwa ya mwambao wa Kenya imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye udongo haba. Mahali pa kulima nafaka kwa wingi, tena karibu na maji ya kupakilia, ni pachache, na ng'ambo ya Sabaki ni mojawapo. Nyuma zaidi, mvua inapopungua, inaanza nyika ya mifugo, tembo na asali, walikochunga Waorma na walikowinda Wasanye na Waata kwa pinde zao. Ndani ya mwendo wa siku chache, basi, walikuwepo watu wenye nafaka, watu wenye ng'ombe na watu wenye pembe za ndovu, kila mmoja akikosa alichonacho mwenzake. Hali kama hiyo huhitaji mahali pa kukutania.

Niruhusuni nivuke maji kidogo. Uingereza kuna aina ya mji ambao wenyewe huuona wa kawaida kabisa, mji wa soko: si bandari, si makao ya mfalme, ni mahali tu ambapo vijiji vya jirani huleta kuku, ngano na jibini siku moja katika juma. Stratford-upon-Avon, alikozaliwa Shakespeare, ulipata hati ya mfalme ya kuendesha soko la kila juma mwaka 1196, na kabla ya hapo palikuwa kivuko cha mto Avon. Katika karne ya 13 kitabu cha sheria kinachobeba jina la Henry de Bracton kilisema kwamba soko jipya likianzishwa karibu mno na la zamani ni dhara kwa jirani, na kikaupima ukaribu huo: maili sita na theluthi mbili, yaani karibu kilomita 11. Hesabu ni ya miguu. Mwendo wa mtu kwa siku ni maili 20. Ugawe mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kuuza na kununua, la tatu la kurudi nyumbani kabla giza halijaingia. Ukubwa wa mji hapo hauamuliwi na mfalme wala na bahari. Unaamuliwa na mwanamke mwenye kikapu kichwani na urefu wa mchana wake. Watu wa huku hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo na Bracton. Wamijikenda wana juma lao la siku nne, na chete, yaani soko la siku maalumu, limekuwa likifuata mzunguko huo, likihama kutoka kijiji hadi kijiji ili kila mmoja apate fungu lake la mwendo.

Sasa ichukueni kanuni hiyo mje nayo hapa. Kutoka Malindi hadi Mambrui ni kilomita kumi na kidogo. Kwa kipimo cha Bracton miji hii miwili imekaribiana kiasi cha kunyang'anyana riziki, na Mambrui, iliyo ndogo, ilipaswa kumezwa zamani. Haikumezwa. Sababu ninayoiona ni Sabaki. Kabla ya daraja, mto ule ulivukwa kwa mashua, na mvua za bara zikinyesha haukuvukwa kabisa. Mkulima wa kusini mzigo wake ulikwenda Malindi, wa kaskazini ukaja Mambrui, na mto ukawa mwamuzi kati yao. Hati ya mfalme haikuwapo, ingawa baadaye, chini ya masultani na kisha Waingereza, Mambrui ilikuwa na mudiri wake chini ya liwali wa Malindi, jambo linaloonyesha kwamba watawala waliokuja waliukuta mji wenye eneo lake, wakauwekea ofisi.

Turudi nyuma zaidi. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyeikamilisha kazi yake mwaka 1154 kule Sicily katika baraza la mfalme Roger II, hakuwahi kufika pwani hii. Aliandika aliyosimuliwa na wasafiri. Anaieleza Malindi kuwa mji wa ufuoni, kwenye mlango wa mto wa maji matamu, wenye watu wavuvi na wawindaji, na wenye machimbo ya chuma. Chuma hicho, anasema, ndicho biashara yao na ndiyo faida yao kubwa. Yapime maneno hayo. Malindi ya leo haiko kwenye mlango wa mto wowote. Mto ulio karibu ni Sabaki, na mji wa kale ulio ng'ambo yake ni Mambrui. Qin Dashu na mwenzake Ding Yu wameitazama miji hii miwili kwa pamoja na kuuliza kama Malindi ya maandishi ya kale ilikuwa Mambrui. Mimi sitaingia katika shauri la nani ni Malindi wa kweli, maana wenye Malindi yao watanizomea nikipita sokoni. Kinachonitosha ni kwamba maelezo ya zamani kabisa tuliyonayo ya sehemu hii yanauweka utajiri wake katika chuma na uwindaji, na kwamba mabaki ya kazi ya chuma yamepatikana katika udongo wa Mambrui wenyewe. Chuma hakivuliwi baharini. Kinataka mawe ya madini au mchanga mzito, kinataka makaa, na makaa yanataka msitu na watu wa kuukata. Mji unaouza chuma umeshaitia bara kazini.

Hapa atainuka mwenye kupinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: acha maandishi, tazama vitu. Mambrui lipo kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina. Vimepatikana vipande vya kaure ya Longquan vya daraja la juu, kuna sarafu, na mwaka 1415 watu wa Malindi walimpelekea Yongle twiga. Vyote hivyo vimepita baharini. Utasemaje kwamba mji haukujengwa na bahari? Namjibu kwamba amezitaja bidhaa zilizoingia, nami nauliza zilizotoka. Bakuli la Longquan halikuletwa kama sadaka, lililipiwa. Na malipo yake hayapo makavazini kwa sababu nafaka huliwa, ngozi huoza, pembe huchongwa na kuuzwa Gujarat, na chuma kikifika India huwa kisu cha mtu mwingine. Kaure peke yake ndiyo hudumu ardhini miaka 600 bila kubadilika rangi. Kwa hiyo mchimbaji anapoinuka na vipande mkononi, ameona upande mmoja wa biashara, upande wa mnunuzi kuonyesha alichonunua, na sisi kwa haraka tunasema mji uliishi kwa kaure. Hata twiga, ukimfikiria, ni hoja ya upande wangu. Kati ya vitu vyote ambavyo watu wa pwani hii wangeweza kumpelekea mtawala mkubwa wa dunia, walichagua mnyama wa nyika, aliyeshikwa na watu wa bara wanaojua njia zake.

Kuhusu sarafu yenyewe, nitasema machache. Sarafu ya Yongle nyingine ilipatikana kisiwani Manda mwaka 2013 na kikosi alichokuwamo Mkenya Chapurukha Kusimba. Inawezekana sarafu hizo zilishuka kutoka merikebu za Zheng He, na inawezekana zilipita mikono kumi ya wafanyabiashara wa Calicut na Hormuz kabla ya kufika. Watu wanabishana juu ya njia hizi mbili kana kwamba heshima ya Mambrui inategemea jibu. Lolote litakalothibitishwa, sarafu ilifika kwenye mji ambao tayari ulikuwa na kitu cha kuuza.

Lakini ushahidi ninaouona mkubwa kuliko wote ni jinsi mji ulivyoanguka na jinsi ulivyosimama tena. Kama bahari ingekuwa ndiyo roho ya Mambrui, tungetarajia kuanguka kwake kufuate msukosuko wa baharini. Ni kweli Wareno walivuruga biashara, na ni kweli mtawala wa Malindi alihamia Mombasa katika miaka ya 1590, Ngome ya Yesu ilipojengwa. Hata hivyo kilichoifuta miji ya sehemu hii ni jambo la nchi kavu. Katika karne ya 17 Waoromo, wachungaji wa ng'ombe, walisambaa kutoka kaskazini, na miji ya bara ikahamwa mmoja baada ya mwingine. Angalieni ni ipi iliyobaki: Pate, Lamu, Mombasa, yote ya visiwani. Kaskazi iliendelea kuvuma kuanzia Desemba kama kawaida, majahazi ya Arabuni yalishuka kama kawaida, na ufuo wa Mambrui haukusogea popote. Kilichokuwa hakipo ni mkulima anayethubutu kulima. Mlango ulikuwa wazi na nyumba haina kitu.

Ukaja upande wa pili wa hesabu. Kufikia katikati ya karne ya 19 nguvu ya Waoromo ilikuwa imevunjwa, hasa kwa vita vya Wamaasai na Wasomali. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Sultan Majid wa Zanzibar alipeleka askari Malindi, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa magofu na vichaka, na nyuma ya askari wakaja Waarabu, Waswahili, Wabajuni na wafanyabiashara wa Kihindi. Katika miaka ishirini tu sehemu hii ikawa ghala ya nafaka ya pwani yote: mtama, mahindi, ufuta, kunde. Mzigo ulikwenda Zanzibar, ambako karafuu zilikuwa zimekula mashamba ya chakula, na ukaenda Arabuni, ambako mvua haitoshi. Mambrui ikainuka pamoja na hiyo mitama, mji wa pili baada ya Malindi. Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka 1888, ilipotaka kujua pwani hii ina thamani gani haikumtuma nahodha kupima kina cha maji ya Mambrui. Ilimtuma W. W. A. Fitzgerald achunguze kilimo, akakaa Magarini mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1898 kimejaa udongo, mvua na mazao. Mzungu yule, kwa mahesabu yake ya kibiashara, alikuwa amekwisha kuelewa mji uko upande gani.

Hapa linakuja pingamizi ambalo halijibiki kwa urahisi, na sitaki lijibiwe kwa urahisi. Mtu atasema: unatuchorea mji wa soko wa Kiingereza, mama na kikapu chake, ilhali mtama ule ulilimwa na watumwa. Ni kweli. Wengi wao waliletwa kutoka nchi za ziwa Nyasa kupitia Kilwa, wakafanyishwa kazi kwa makundi chini ya wasimamizi, na ghala ya Afrika Mashariki ilijazwa kwa jasho ambalo halikulipwa. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani katika pwani hii, ameonyesha jinsi Malindi na Mambrui zilivyokua kwa kasi kwa sababu ardhi ilikuwa tupu na watu wa kuilima walinunuliwa. Kwa hiyo neno soko ni la upole mno kwa miaka ile, nalikubali hilo. Lakini pingamizi hili haliirudishi hoja baharini. Linaipeleka ndani zaidi mashambani, na linatuonyesha nani aliyekuwa pale. Watumwa waliotoroka hawakukimbilia ufuoni. Waliingia bara, wakaanzisha vijiji vyao vya watoro kama Makongeni na Fuladoyo, wakalima na kuuziana na Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda. Hata ndani ya ule mfumo mkali palikuwa na soko la pembeni, dogo, la watu waliokuwa wanajitafutia nafsi zao.

Na ukitaka kujua kama mji ulisimama juu ya mashamba, tazama kilichotokea mashamba yalipoguswa. Biashara ya watumwa ya baharini ilifungwa kwa mkataba wa Sultan Barghash mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, fidia ikilipwa kwa mabwana, si kwa waliofanya kazi. Mashamba makubwa yakapungukiwa mikono. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowapa nafasi Waarabu na Waswahili kudai viwanja kwa hati na kumwacha Mgiriama na mtumwa aliyeachwa huru wakilima pasipo karatasi. Hata hivyo nafaka haikukoma, kwa sababu Wagiriama walikuwa wamekwisha kuvuka Sabaki na kufungua mashamba upande wa kaskazini, safari hii kwa mikono yao na kwa faida yao. Mahindi yao ndiyo yaliyoiokoa Mambrui na Malindi. Ndipo serikali, iliyotaka vibarua kwa mashamba ya wazungu na kodi kwa hazina, ikaanza kuwabana. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akawakusanya watu kwa kiapo mwaka 1913, mwaka 1914 Kaya Fungo, boma lao takatifu, ikalipuliwa kwa baruti, risasi zikalia, wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vibarua 1,000, na Wagiriama wa ng'ambo ya Sabaki wakaamriwa wahame wote warudi kusini mwa mto. Serikali ilikuwa inawaadhibu waasi, lakini kwa amri hiyo hiyo iliwafukuza wakulima wanaoilisha pwani, na miaka michache baadaye ililazimika kulegeza kamba wakarudi. Sijui mfano ulio wazi zaidi ya huu wa watawala kutoelewa mji wao unakula nini.

Yupo atakayesema kwamba haya yote si ya Mambrui peke yake. Kila mji wa Waswahili ulikuwa na mashamba, hata Gedi, yenye msikiti mkuu na jumba la kifalme, haiko ufuoni. Vizuri, na namshukuru kwa mfano huo. Gedi imewasumbua wataalamu miaka mingi kwa swali la kwa nini mji tajiri namna ile ukae mbali na maji, na swali hilo ni gumu kwa anayeamini kwamba mji wa Waswahili sharti uwe mtoto wa bahari. Tofauti ya Mambrui ni ya kadiri. Lamu iliweza kupoteza bara yake ikaendelea kuishi kwa bandari na elimu. Mambrui haina bandari ya kuangukia.

Mwingine atanikumbusha Mradi wa Makazi wa Magarini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Australia ilimwaga fedha nyingi kwa zaidi ya muongo mmoja ili kuwapa watu viwanja vya kulima nyuma ya Mambrui, na mradi ukashindwa, kiasi kwamba mwaka 1991 wataalamu watatu, Porter, Allen na Thompson, wakaandika kitabu kizima kuhusu kushindwa huko. Kama ardhi ni tajiri, mbona ilikataa? Nadhani jibu liko katika namna ilivyopimwa. Mradi ule ulisukuma kilimo cha viwanja vya kudumu kwenye nyanda za juu zenye mvua ya kubahatisha na maji ya shida, mahali ambapo watu walikuwa wakihama na shamba na kuchanganya mahindi, mbuzi na asali. Utajiri wa nyuma ya Mambrui haukuwahi kuwa katika ekari moja moja. Ulikuwa katika kutofautiana kwa bonde, vilima na nyika, na katika watu kuweza kwenda na kurudi kati ya sehemu hizo. Ukimfunga mtu kwenye kipande kimoja, umemwondolea kile kilicholifanya soko liwepo.

Bara hiyo, tena, ni pana kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kusoma jiwe la matumbawe lililokua katika bahari ya Malindi kwa miaka 300. Matumbawe huweka pete za mwaka, na ndani yake hubaki alama za bariamu inayoletwa na udongo wa mto. Tangu karibu 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa wa kiasi kile kile; kuanzia mwanzo wa karne ya 20 ukapanda mfululizo, wakati misitu ya nyanda za juu ilipokatwa na mashamba ya walowezi kufunguliwa. Yaani jembe lililopiga Ukambani na pembezoni mwa Nairobi ndilo lililoyafanya maji ya pwani hii kuwa mekundu na kuukuza ufuo wake kwa mchanga. Sasa linajengwa bwawa la Thwake, kwenye makutano ya Athi na mto Thwake, na kazi yake imepewa kampuni ya Kichina. Mto uliozuiwa hushusha udongo wake bwawani. Mabonde yaliyozoea kurutubishwa na mafuriko, ufuo uliozoea kulishwa mchanga, na visima vya Baricho vinavyopeleka maji ya Sabaki hadi Mombasa, vyote vitapata mto mwingine. Ningependa kuona uchambuzi wa jambo hilo ukipata nusu ya muda wa hewani uliopewa sarafu.

Imebaki hoja ya wakati wetu: kwamba hayo yamepita, na leo riziki ya Mambrui ni ufuo, mchanga wake unaometameta na hoteli zake, pamoja na chumvi ya Gongoni na mitambo ya Waitaliano ya Ngomeni, ambako setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka hapo iliruka mwaka 1967. Bahari, basi, imeshinda mwishoni. Lakini tazameni mji wenyewe unavyokaa. Mji mkongwe uko ufuoni, na misikiti yake, madrasa zake na makaburi yake. Barabara kuu ya kwenda Garsen inapita magharibi yake, na biashara imeifuata huko. Jahazi lilipoacha kuwa chombo cha kubebea mahindi na lori likachukua nafasi yake, soko liliiacha bahari bila kuaga likasogea upande unakotoka mzigo. Asubuhi ya soko, embe, mihogo, nazi, mbuzi na magunia ya makaa hushuka kutoka Marafa, Garashi na Adu, kwa pikipiki na kwa matatu, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha hazipitiki. Ufuoni kiwanja kikiuzwa kina hati na wakili. Huko nyuma wengi wa hao wanaoulisha mji bado wanaitwa maskwota juu ya ardhi waliyoilima babu zao kabla na baada ya 1914, na kila tume ya ardhi inayoundwa huwakuta pale pale, wanalima.